Shajara ya Mradi: Mabango ya Kuwakumbuka Wanyama Tuliowapenda

14 Januari

Leo nimepata ruhusa ya ukuta. Daktari mwenye kliniki ya wanyama amekubali nitumie baraza lote la nje, pale watu wanaposubiri na wanyama wao, kuanzia dirisha la dawa mpaka kwenye tangi la maji. Ukuta umepakwa chokaa upya, una kivuli asubuhi yote, na anayesubiri zamu hana pengine pa kutazama. Mabango yatakuwa ya karatasi nene juu ya mbao nyembamba, kila moja na picha moja kubwa na maneno yasiyozidi 120. Mada ni historia ya watu kuwalilia na kuwakumbuka wanyama waliowapenda.

Sababu naiandika mapema, isije ikanipotea njiani. Katika kazi hii, hapa Mombasa, nimewaona watu wazima wakishusha sauti wanapoambiwa kwamba paka wao amekufa. Mtu anajifuta macho kwa ncha ya leso, anaomba radhi kwa kulia, anauliza mwili utapelekwa wapi, kisha anaondoka upesi jirani asije akamwona. Huko mtaani akisema, jibu ni "paka tu huyo, utapata mwingine," au "hayo mambo ya wazungu." Mimi sikubali. Ni mambo ya binadamu, na ushahidi upo ardhini katika nchi nyingi, tena mwingine upo kwenye bandari zilizofanya biashara na pwani yetu hii. Nataka watu wausome ushahidi huo wakiwa na kikapu cha paka mapajani.

22 Januari

Bango la kwanza limepatikana. Wengi huanzia Misri, lakini kuna kaburi lililoitangulia piramidi kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1914 wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke, na pamoja nayo mifupa ya mbwa. Kaburi hilo ni la miaka 14,000 hivi iliyopita, wakati watu wanaishi kwa kuwinda na kuokota, kabla ya shamba wala zizi. Mbwa alikuwa bado mtoto, miezi saba hivi. Wataalamu waliyachunguza upya meno yake, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: alama za distempa kali iliyomshika akiwa na miezi mitano hivi, ikamwachia kidogo na kumrudia.

Distempa tunaijua hapa kliniki. Mtoto wa mbwa anaharisha, anatapika, macho na pua vinatoka usaha, chakula hataki, kisha degedege. Asipopata wa kumpangusa, kumnywesha maji kidogo kidogo na kumlaza penye joto, wiki tatu ni nyingi. Huyu wa Oberkassel alizivuka. Na muda wote ule hakuwa na faida yoyote kwa mwindaji: hakimbizi mawindo, halindi kambi, anakula tu chakula cha wengine. Kuna mtu aliyemuuguza kwa sababu alimpenda, na alipokufa akazikwa na watu. Bango linasema hivyo tu, sikuongeza neno.

Chini yake nimeweka picha ndogo ya kaburi la Shillourokambos, kisiwani Cyprus, la miaka 9,500 hivi: mtu na paka wa miezi minane, baina yao sentimita 40. Cyprus haikuwa na paka wa asili. Kuna aliyempakia chomboni.

3 Februari

Misri imenisumbua kwa sababu watu wana picha moja tu ya paka wa Misri, yule aliyeviringishwa vitambaa ndani ya kabati la kioo. Paka wengi wa namna hiyo hawakuliliwa na mtu. Walifugwa kwa ajili ya mahekalu, wakauawa wangali wadogo, wakauzwa kwa mahujaji wawe sadaka. Picha za eksirei zimeonyesha wengi wao shingo zimevunjwa. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1890 shehena ya maiti kama 180,000, tani 19 hivi, ilipelekwa Liverpool ikauzwa kwa mnada kama mbolea. Hilo nalitaja kwa sentensi moja ili msomaji asichanganye sadaka na msiba.

Msiba ni huu. Mwandishi Mgiriki Herodotus, aliyefika Misri katika karne ya 5 KK, alieleza kwamba paka akifa nyumbani kifo cha kawaida, watu wote wa nyumba ile hunyoa nyusi. Akifa mbwa, hunyoa kichwa na mwili mzima. Naipenda habari hii kwa sababu nyusi hazifichiki. Mtu alitembea sokoni na uso usio na nyusi, na kila aliyekutana naye akajua kuna kilio nyumbani kwake.

Halafu kuna Abuwtiyuw, mbwa mlinzi wa mfalme mmoja wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Jiwe lenye habari zake lilipatikana Giza mwaka 1935 na kikosi cha mwanaakiolojia George Reisner, likiwa limetumika tena katika ujenzi wa kaburi la mtu mwingine. Maandishi yanasema mfalme aliamuru mbwa huyo azikwe kwa heshima: jeneza kutoka hazina ya mfalme, vitambaa vingi vya kitani safi, mafuta ya manukato, ubani, na mafundi wa kumjengea kaburi. Kwa msomaji wa Mombasa ubani hauhitaji maelezo.

Sanduku la paka wa mwanamfalme Thutmose, mtoto wa Amenhotep III, litakuwa ndiyo picha kubwa. Ni la mawe ya chokaa, la karne ya 14 KK, na ubavuni paka amechongwa ameketi wima mbele ya meza ya vyakula, vile vile wanavyochorwa wakubwa wa Misri makaburini mwao. Mchoraji wetu, kijana anayeandika majina ya matatu, amelinakili kwa penseli na nimeridhika, hasa na masikio.

9 Februari

Berenike. Hapa nitakaa, maana mradi wote umeegemea hapa.

Berenike ilikuwa bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu. Mfalme Ptolemy II aliianzisha katika karne ya 3 KK, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupokea ndovu wa vita waliokamatwa kusini na kusafirishwa kwa meli. Zama za Warumi ikawa mlango wa biashara ya Bahari ya Hindi: pilipili manga kutoka India, ubani kutoka Arabuni, pembe za ndovu na magamba ya kasa kutoka Afrika. Katikati ya karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari hii. Anaitaja Berenike mwanzoni, na mbele anaishuka pwani ya Azania bandari moja baada ya nyingine mpaka Rhapta, soko la mwisho, kwenye vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Azania ndiyo pwani hii. Watu waliozika paka Berenike walipakua mizigo iliyotoka huku.

Nje ya mji huo, chini ya jaa la taka, kumefukuliwa makaburi ya wanyama. Mtaalamu wa mifupa ya wanyama aliyeyasoma ni Marta Osypińska kutoka Poland, na hesabu aliyoichapisha na wenzake mwaka 2021 ni wanyama 585: paka 536, mbwa 32, kima 15, mbweha mmoja na kozi mmoja. Walizikwa kati ya karne ya 1 na ya 2. Hawakukaushwa kama wale wa mahekaluni, wala mifupa yao haina alama za kuuawa. Walilazwa kwenye vishimo vyao kama waliolala usingizi, baadhi wamefunikwa kitambaa au vigae vya mitungi. Wapo paka waliozikwa na ukosi wa chuma shingoni, na wengine na mkufu wa shanga.

Sasa fikiria mahali penyewe. Nyuma ya mji ni jangwa tupu, mbele ni bahari ya chumvi. Hakuna shamba. Nafaka na karibu kila kitu kingine kilikuja kwa ngamia kutoka mto Naili, safari ya siku nyingi. Na katika mji huo, ambao kila kibaba cha chakula kina gharama yake, kuna mbwa wazee waliozikwa bila meno, viungo vimekakamaa kwa baridi yabisi. Mbwa asiye na meno hawezi mfupa. Kuna aliyemlainishia chakula, tena si siku moja.

Yuko mbwa mmoja niliyemsoma mara nyingi kuliko wote. Alikuwa na saratani ya mfupa. Alipokufa walimviringisha kwenye mkeka, wakamfunika kwa vipande viwili vya mtungi mkubwa wa mizigo. Tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya mlo wake wa mwisho, samaki na nyama ya mbuzi. Mimi nimehudumia mbwa wenye saratani ya mfupa, najua siku za mwisho zinavyokuwa, mnyama anavyoacha chakula na mwenyewe anavyotafuta chochote kitakachomtamanisha. Mbuzi na samaki katika jangwa lile ni jitihada ya mtu aliyekuwa bado hajakata tamaa.

Na kima. Waliletwa kutoka India, bahari nzima, na wengi walikufa wakiwa wadogo. Wamezikwa kwa uangalifu ule ule.

Nimeamua Berenike ipate mabango mawili. La kwanza ni mbwa wa mkekani, la pili ni ramani: mstari mwekundu kutoka Berenike, unapita Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, unazunguka Pembe ya Afrika, unashuka mpaka kwetu. Anayetaka kusema mambo ya wazungu aufuate mstari ule kwa kidole kwanza.

20 Februari

Nimempelekea rasimu Maalim wa madrasa ya jirani. Nusu ya wateja wetu watoto wao wanasoma kwake, na mada ina mbwa na makaburi ndani yake. Amesoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, miwani puani.

Alichoniambia ni hiki: "Mwanangu, huzuni si kosa. Kosa ni kujipiga mashavu na kurarua nguo, na hilo limekatazwa hata kwa maiti wa binadamu. Lakini usije ukawaandikia watu kwamba paka asomewe hitima." Sikuwa na nia hiyo, ila nimeona ni vizuri bango liseme waziwazi: swala ya jeneza ni ya binadamu. Mnyama tunamzika kwa usafi na kwa heshima, na machozi hayana katazo.

Kisha akanikumbusha kisa ambacho kila aliyekaa chuoni amekisikia. Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo, lakabu yake Abu Umayr, naye alikuwa na kindege akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowatembelea alimwona mtoto hana raha, akauliza ana nini, akaambiwa ndege wake amekufa. Akamwendea yule mtoto na kumwita kwa lakabu yake, kama anavyoitwa mtu mzima: ewe Abu Umayr, amefanyaje nughayr? Maneno yenyewe kwa Kiarabu yana vina, na watoto wa madrasa huyakariri kwa furaha.

Maalim akaongeza jambo nililokuwa silijui. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii wa karne ya 10, aliandika risala nzima juu ya hadithi hiyo fupi na kutoa humo faida kama 60. Kwangu moja inatosha. Mtu mwenye shughuli za umma mzima alisimama akamuuliza mtoto habari za ndege wake. Hakumwambia atapata mwingine.

Kuhusu picha za mbwa, Maalim hakuona taabu. "Mbwa wa watu wa pangoni yumo ndani ya Sura Al-Kahf," alisema, "amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Mweke tu, ila usimweke mlangoni." Bango la Abu Umayr litatundikwa chini kuliko mengine, usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba.

11 Machi

Ramadhani. Mchana mwili hauna nguvu za kuandika, kwa hiyo nakaa baada ya tarawehe. Warumi wamenifaa kwa saa hizi, maana walichonga huzuni yao kwa maneno machache na ndicho ninachojaribu kufanya mimi.

Katika Makumbusho ya Uingereza lipo bamba la marumaru la mbwa jike aitwaye Margarita, mwindaji aliyezaliwa Galia, Ufaransa ya leo, la karne ya 2 hivi. Maandishi ni ya ushairi na anayezungumza ni mbwa mwenyewe: alikimbia misituni bila woga, hakuwahi kufungwa mnyororo wala kupigwa, alilala mapajani mwa bwana na bibi yake, akafa kwa uzazi. Uzazi! Tunawapoteza hivyo hivyo hapa kila mwaka, mbwa wadogo wenye watoto wakubwa tumboni, wanaletwa wamechelewa.

Lakini lililonishika ni la Patricus, lililopatikana Salerno, kusini mwa Italia. Mwenyewe anasema amembeba mbwa wake mdogo kwenda kumzika huku machozi yakimlowesha, kama alivyombeba miaka 15 kabla, siku ya furaha. Nimelisoma kwa sauti mara kadhaa. Safari mbili, mikono ile ile, mzigo ule ule, na baina yao maisha yote ya mnyama. Hili linapata bango zima na herufi kubwa.

Helena nimemwacha. Ni jiwe zuri, liko katika jumba la Getty, Marekani: mbwa mnene mdogo amechongwa, na maneno yanamwita Helena mtoto wa kulea, nafsi isiyo na mfano. Wataalamu wanabishana kama Helena ni mbwa au ni msichana aliyechongewa mbwa wake, na sitaki bango langu libebe ubishi ambao baraza haliwezi kuutatua.

19 Machi

Makaburi ya wanyama ya Ulaya ya kisasa nilidhani yatanipa kazi nyingi. Yametoshea mabango mawili.

Mwaka 1881 mlinzi wa lango la Victoria, bustani ya Hyde Park, London, alikubali ombi la familia aliyoizoea: mbwa wao Cherry azikwe nyuma ya nyumba yake ya langoni. Wengine wakasikia, na hadi panafungwa mwaka 1903 palikuwa na makaburi zaidi ya 300, vijiwe vidogo vimepangana safu. Mwanaakiolojia Eric Tourigny alisoma mawe 1,169 katika makaburi manne ya wanyama ya Uingereza, ya kuanzia 1881 hadi 1991. Mawe ya mwanzo yanaogopa. Anayetaka kusema atamwona tena mnyama wake anasema anatumaini, kwa sauti ya chini, kwa kuwa kanisa lilifundisha wanyama hawana roho ya kudumu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia woga unapungua, na wanyama wanaanza kuzikwa kwa jina la ukoo wa familia. Kwa hiyo hata huko London ya Malkia Victoria watu walilia huku wakitazama nyuma kama kuna anayewaona. Wateja wangu wajue hilo.

Asnières, nje ya Paris, ilianza kwa sheria. Mwaka 1898 Ufaransa iliagiza mizoga izikwe umbali wa mita 100 kutoka makazi ya watu, maana mizoga mingi ilikuwa ikitupwa mto Seine. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari Marguerite Durand na mwanasheria Georges Harmois wakafungua makaburi ya mbwa na wanyama wengine wa nyumbani. Watalii huenda kumtafuta Rin Tin Tin, mbwa wa sinema. Mimi nimechagua mnara mwingine: mwaka 1958 mbwa wa mitaani, asiye na mwenyewe, alifika kwenye lango la makaburi hayo akafa pale pale. Akawa mnyama wa 40,000 kuzikwa humo, na mji ukamjengea kumbukumbu. Hapa kwetu, penye mbwa wengi wasio na mwenyewe, nadhani huyo ataeleweka.

Bango la tatu la Ulaya nimeliongeza leo usiku baada ya kulikwepa. Septemba 1939, wiki ya kwanza ya vita, wakazi wa London walipanga foleni kwenye kliniki za wanyama na paka na mbwa wao wazima ili wauawe. Kijikaratasi cha kamati ya serikali kilikuwa kimewashauri wawapeleke mashambani, na wasipoweza, wawaue. Mabomu yalikuwa bado hayajaanguka. Waliouawa London peke yake wanakadiriwa kuwa 400,000. Huzuni ile haikujengewa mnara, na waliopeleka wanyama wao hawakuzungumza sana. Nimeliandika kwa sababu wengine wanaokaa baraza hili wamekuja kwa kazi hiyo, kumlaza mnyama asiyepona, na wanahitaji kujua kwamba mkono uliosaini unaweza kuwa ndio ule ule unaolia.

Japani nimeiweka pembeni kwa maneno machache. Hachiko, mbwa aliyemngoja stesheni bwana wake aliyekufa, kila mtu ameshamjua. Nimetaja hekalu la Ekoin, Tokyo, lililoanzishwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 kwa ajili ya marehemu wasio na jamaa, ambako hadi leo wanyama wa nyumbani wanafanyiwa ibada ya kumbukumbu.

7 Aprili

Idi imepita, kazi imerudi. Leo ni Kenya.

Elsa, yule simba jike, hakwepeki. Februari 1956 George Adamson, askari wa wanyamapori, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akakuta watoto watatu. Mdogo kuliko wote alilelewa nyumbani na mkewe Joy, akarudishwa porini, akafa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Kaburi lake liko Meru, ukingoni mwa mto Ura, na sehemu ya majivu ya Joy iliwekwa hapo. George aliuawa na majambazi Kora, Tana River, mwaka 1989. Amezikwa huko, kando ya mdogo wake Terence na simba aliyeitwa Boy. Watu watasema hao ni wazungu tena. Ni kweli, na msomaji aache kama anataka, lakini ardhi ni ya Meru na Tana River.

Basi pembeni yao nimemweka Ahmed, ndovu wa Marsabit. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda yeye binafsi, mchana na usiku, kwa sababu ya pembe zake ndefu. Alipokufa mwaka 1974 nchi haikumwacha apotee: sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama katika makumbusho ya Nairobi, na vizazi vya wanafunzi wamepigwa picha chini ya pembe zile. Na nimemweka Sudan, faru mweupe wa kaskazini wa kiume wa mwisho, aliyefia Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Waliomlisha, waliomkuna ngozi na kukesha naye alipokuwa hawezi kusimama ni Wakenya waajiriwa wa hifadhi, na walimlilia mbele ya kamera bila kuomba radhi. Ol Pejeta ina mahali pa makaburi ya faru, mawe chini ya mti, kila jiwe na jina la mnyama na namna alivyokufa. Nyingi ni risasi za majangili.

16 Aprili

Mabango yamebandikwa mbao, fundi seremala amepiga randa kingo zote. Nafasi ya mwisho, karibu na tangi la maji, ni ya habari za watu wetu wenyewe, na wiki hizi nimekuwa nikizikusanya kutoka kwa wateja waliokubali, bila majina yao.

Mwenye punda wa Lamu, aliyebeba mawe na mchanga wa ujenzi maisha yake yote, alipoteza punda kwa msokoto wa tumbo. Ilikuwa miaka ile machinjio ya punda yamefunguliwa nchini na ngozi zinakwenda China. Mnunuzi alimfuata hadi nyumbani na pesa mkononi. Akamjibu kwamba yule amebeba mawe ya nyumba yake, hawezi kumchuna. Akamzika na ngozi yake, na kulichimba shimo la punda si kazi ya mtu mmoja. Majirani wanne walimsaidia.

Mzee anayeuza kahawa Mji wa Kale alikuwa na paka aliyelala chini ya benchi la wateja. Jioni akigonganisha vikombe kuita watu, paka naye anatokea, anakaa karibu na dele penye joto. Alimzika chini ya mwarobaini, amefungwa kikoi. Aliniambia: "Binti, mpaka leo nikigonga vikombe nachungulia chini ya benchi." Nilitaka kufupisha maneno hayo yaingie kwenye nafasi, nikaona heri nipunguze picha.

Pembeni ya habari hizo ni ubao mtupu, na penseli imefungwa kwa uzi. Tulipotundika asubuhi, kabla sijashuka ngazini mama mmoja mwenye mbuzi alikuwa ameshaandika jina la mnyama na mwaka, basi. Hadi saa sita kulikuwa na majina ya paka, njiwa, sungura na kasuku mmoja.

Yaliyobaki: kupaka vanishi bango la ramani kabla masika hayajachanganya, kuongeza karatasi kwenye ubao, na kutengeneza nakala ya pili ya bango la Abu Umayr. Maalim ameiomba kwa ajili ya madrasa.